Salamu za Msuli kwa Mafuta

Misuli inayovuta mifupa huchukua kati ya asilimia 30 na 40 ya uzito wa mtu mzima asiye mnene. Kwa muda mrefu nyama yote hiyo ilihesabiwa kuwa kibarua tu: inapewa amri na neva, inakunjana, inachoma sukari na mafuta, inachoka, inapumzika. Wataalamu wa fiziolojia waliipima joto, nguvu na kiasi cha oksijeni inachotumia, lakini hawakuitegea sikio. Leo inajulikana kwamba msuli humwaga protini nyingi nje ya seli zake, na kwamba baadhi ya protini hizo husafiri katika damu hadi kwenye ini, kongosho, mifupa, ubongo na mafuta ya mwili, na kuvibadilishia mwenendo. Huitwa mayokini. Jina lenyewe ni la mwaka 2003 tu, ila habari iliyolizaa ni ya zamani zaidi, na inaanzia kwenye utumbo wa mbwa.

Mwaka 1902, katika chuo cha University College cha London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zinazokwenda kwenye kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kwa fikra za siku zile kongosho lisingepata habari yoyote, maana njia ya neva ilikuwa imekatwa. Lakini likatoa majimaji yake vilevile. Ujumbe ulikuwa umepita katika damu. Kemikali iliyoubeba waliiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaleta neno homoni kwa kila kemikali inayotoka katika kiungo kimoja ikaenda kufanya kazi katika kingine. Mbinu ya jaribio lile, yaani kukata neva kisha kuona kama habari bado inafika, ndiyo iliyokuja kutumiwa kwa msuli karibu miaka 60 baadaye.

Katika miaka hiyo ya katikati, swali la kazi na unene lilikuwa mikononi mwa watu wa takwimu kuliko watu wa maabara. Daktari Jeremiah Morris alichapisha mwaka 1953 uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye usukani kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Madereva waliugua moyo zaidi ya makondakta. Mwaka 1956 Morris na wenzake wakarudi na ushahidi wa aina ya pekee, nao ni vipimo vya sare. Kumbukumbu za nguo za kazi zilionyesha upana wa kiuno cha suruali ya kila mtu, na viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta wa umri uleule. Ni ushahidi wa kupendeza, ila una kasoro yake: suruali haiwezi kusema kama kukaa ndiko kulikonenepesha, au wanene ndio waliopendelea usukani.

Mwaka huohuo wa 1956, Jean Mayer wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa matokeo kutoka kiwanda cha magunia ya jute huko Bengali Magharibi, India. Wafanyakazi waliokaa siku nzima walikuwa wazito kuliko wenzao wa kazi za wastani, na hawakula kidogo kuliko hao. Chakula chao kilizidi kile ambacho kazi yao ilikihitaji. Kwa Mayer, mwili usiofanya kazi kabisa hupoteza kipimo cha shibe. Hata hivyo maelezo yaliyotawala yalibaki ya kihasibu: kinachoingia mdomoni, toa kinachochomwa na kazi, kinachobaki ni kitambi. Katika hesabu hiyo msuli ulikuwa tanuri. Hakuna aliyeuliza kama tanuri linatuma habari.

Aliyeuliza ni Maurice Goldstein, mtafiti wa Marekani, na majibu yake yalitoka mwaka 1961. Alikunjisha misuli ya mbwa kwa umeme, na akaona kwamba mwili wa mnyama ulitumia sukari kwa njia ambayo neva peke yake hazikuweza kuieleza. Akahitimisha kwamba msuli unaofanya kazi hutoa kitu fulani kinachoingia katika damu. Kitu hicho hakukitambua. Vifaa vya kutenga protini chache mno kutoka katika damu havikuwepo, na wazo likakaa rafuni kwa zaidi ya miaka 30. Halikusahaulika kabisa. Madaktari waliotumia umeme kukunjisha miguu iliyopooza ya watu walioumia uti wa mgongo waliona mabadiliko ya kazi yakitokea katika viungo vingine, ingawa ubongo haukupata habari yoyote kutoka miguuni. Katika makala za kitaalamu kitu hicho kiliendelea kutajwa bila jina, kama mgeni aliyebisha hodi asiingie.

Mlango ulifunguliwa na mafuta yenyewe. Katika maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, kulikuwa na kizazi cha panya wanene kupindukia tangu mwisho wa miaka ya 1940. Douglas Coleman aliunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili damu zao zichanganyike. Aina moja ya panya wanene ilipounganishwa na nyingine, mmoja aliacha kula hadi akafa njaa huku mwenzake akiendelea kunenepa. Mwaka 1973 Coleman alieleza kwamba damu ya mmoja ilikuwa na ujumbe wa shibe ambao yeye mwenyewe hakuweza kuusikia. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na wenzake waliipata jeni ya ujumbe huo. Protini yake, leptini, inatengenezwa na seli za mafuta. Kumbe mafuta yaliyodharauliwa kama ghala la akiba yalikuwa tezi inayozungumza na ubongo. Baada ya hapo haikuwa ajabu tena kuuliza kama msuli nao una la kusema.

Protini ya kwanza ya msuli kupata umaarufu ilikuwa ya kukataza, si ya kuamuru. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walizima jeni moja kwa panya, na misuli ya panya hao ikawa mikubwa mara mbili hadi tatu ya kawaida. Protini iliyokosekana waliiita mayostatini, kwa kuwa kazi yake ni kuuzuia msuli usikue kupita kiasi. Mwaka huohuo ilibainika kwamba ng'ombe wa aina ya Belgian Blue, ambao wafugaji wa Ubelgiji walikuwa wakijivunia mapaja yao yaliyotuna kama magunia, wana jeni hiyo ikiwa imeharibika. Mwaka 2004 madaktari wa Berlin walieleza habari za mtoto wa kiume aliyezaliwa na misuli mikubwa isiyo ya kawaida kwa sababu hiyohiyo.

Kilichohusu mafuta kilikuja mwaka 2002. McPherron na Lee walionyesha kwamba panya wasio na mayostatini wanapozeeka hawakusanyi mafuta kama wenzao, na kwamba hata panya waliozaliwa na jeni za unene hupungua wakikosa protini hiyo. Ilikuwa rahisi kusema kwamba mayostatini huyaambia mafuta yakue. Jaribio la mwaka 2009, ambalo McPherron alishiriki, lilizuia pupa hiyo. Ishara ya mayostatini ilipozimwa katika mafuta peke yake, hakukuwa na badiliko la maana. Ilipozimwa katika msuli peke yake, mafuta yalipungua. Kwa maneno mengine, hapa mafuta hayakuandikiwa barua yoyote: msuli ulikua, ukadai chakula zaidi, na ghala likapungua. Tofauti hiyo, kati ya protini inayoyaambia mafuta jambo na msuli unaoyanyang'anya chakula, ni ya kushika kichwani, maana katika miaka iliyofuata wengi waliisahau.

Wakati huo Copenhagen ilikuwa na desturi ndefu ya fiziolojia ya kazi. August Krogh alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1920 kwa uchunguzi wa mishipa midogo ya damu ndani ya msuli, na baiskeli za kupimia nguvu zilikuwa vifaa vya kila siku katika maabara za mji huo. Miaka ya 1980 Per Andersen na Bengt Saltin walitengeneza kifaa cha kufanyisha kazi msuli wa mbele wa paja moja tu. Mtu huketi kwenye kiti, mguu wake hufungwa katika kiatu kilichounganishwa kwa fimbo na mtambo wa baiskeli ulio nyuma yake, kisha hupiga teke mbele, tena na tena. Mguu wa pili unaning'inia tu. Kifaa hicho ndicho kilichokuja kukata mzizi wa fitina.

Bente Klarlund Pedersen, daktari wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali ya Rigshospitalet, alikuwa akichunguza mazoezi yanavyobadilisha kinga ya mwili. Katika damu ya wakimbiaji wa marathoni kundi lake lilikuta protini iitwayo intalukini-6 ikiwa imepanda sana, mara nyingine hadi mara 100. Protini hiyo ilikuwa na historia yake. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1986 na Toshio Hirano, Tadamitsu Kishimoto na wenzao huko Osaka, Japani, kama ishara ya seli za kinga, na tangu hapo ilijulikana kama mjumbe wa homa, maambukizi na uvimbe. Dhana ya kwanza ilikuwa ya kawaida: mbio ndefu huchanachana nyuzi za msuli, seli za kinga huja kusafisha, na ndizo zinazotoa intalukini-6. Lakini vipande vidogo vya msuli vilivyochukuliwa kwa wakimbiaji vilionyesha kwamba jeni hiyo imewashwa ndani ya msuli, wakati seli nyeupe za damu hazikuonyesha dalili hiyo. Tena hata kuendesha baiskeli, ambako hakuumizi misuli kama kukimbia, kuliipandisha.

Jaribio lililotoka mwaka 2000, likiongozwa na Adam Steensberg, lilikuwa la subira. Wanaume sita wenye afya walikaa kwenye kifaa cha Saltin na kupiga teke kwa mguu mmoja kwa saa tano mfululizo, kwa nguvu ya wati 25, ambayo ni kiasi cha asilimia 40 ya walichoweza. Mirija ilikuwa imeingizwa katika ateri na katika vena za mapaja yote mawili, na damu ilichukuliwa kila baada ya muda. Hesabu yake ni nyepesi. Damu inayoingia pajani ikiwa na kiasi fulani cha intalukini-6, na inayotoka ikiwa na kiasi kikubwa zaidi, basi paja ndilo lililoongeza. Mguu uliopumzika haukuongeza kitu. Mguu uliofanya kazi ulimwaga protini hiyo kwa wingi, na mwisho wa saa tano kiwango chake katika ateri kilikuwa mara 19 ya kile cha mwanzo. Miguu ilikuwa ya mtu mmoja, damu moja, homa au njaa ileile. Kilichotofautiana ni kazi. Katika historia yote ya mayokini ni vigumu kupata jaribio lililopangwa kwa usafi kama hili.

Yaliyofuata yalionyesha kwamba kutolewa kwa protini hiyo si ajali. Mguu ulioanza kazi ukiwa na glikojeni kidogo, yaani akiba ya sukari ya msuli ikiwa imekwisha kuliwa, ulimwaga zaidi. Watu waliodungwa intalukini-6 bila kufanya kazi yoyote walionekana wakitoa mafuta kutoka ghalani na kuyachoma zaidi. Picha ikaanza kueleweka: msuli unaoishiwa sukari unabisha kwenye ghala na kuomba mafuta. Mwaka 2002 watafiti wa Göteborg, Sweden, wakiongozwa na Ville Wallenius, walieleza kwamba panya wasio na jeni ya intalukini-6 hunenepa wanapofikia utu uzima, ingawa maabara nyingine hazikupata tokeo hilo kwa uwazi uleule. Mwaka 2003 Pedersen na wenzake walipendekeza jina mayokini, kutokana na neno la Kigiriki la msuli, kwa protini zote za kutuma habari ambazo nyuzi za msuli huzitengeneza na kuzitoa.

Kulikuwa na kitendawili, na wapinzani hawakusita kukitaja. Watu wanene, na wenye kisukari cha aina ya pili, wana intalukini-6 nyingi katika damu hata wakiwa wamelala. Vipi protini moja iwe rafiki wa mwanariadha na adui wa mgonjwa? Jibu la kundi la Copenhagen lilikuwa kwamba muda ndio unaotofautisha. Ya mwanariadha hupanda kama wimbi na kushuka saa chache baadaye, na hupanda bila kuambatana na protini nyingine za uvimbe; ya mgonjwa hubaki juu kidogo mchana na usiku mwaka mzima. Ni jibu la busara. Lakini lilikuwa bado jibu la mdomo, na lilisubiri miaka kumi na kitu kabla ya kujaribiwa ipasavyo.

Katikati ya kungoja huko kundi hilohilo lilifanya jaribio la kinyume: badala ya kuwakimbiza watu, liliwakalisha. Vijana wa kiume wenye afya, waliozoea kutembea zaidi ya hatua 10,000 kwa siku, walitakiwa kupanda lifti na magari hadi hatua zao zikashuka kufikia takriban 1,300. Baada ya wiki mbili tu mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na ini, yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kilichoshtua kilikuwa mahali mafuta yalipokwenda zaidi ya wingi wake, maana mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Upande wa Boston ulikuwa ukifuata njia nyingine. Mwili una mafuta ya aina zaidi ya moja. Meupe huweka akiba. Ya kahawia, yenye mitokondria tele, huichoma akiba hiyo na kuigeuza joto, na ndiyo yanayompa joto mtoto mchanga. Iliaminika kwamba mtu mzima hana mafuta ya kahawia ya kuhesabika, hadi Aprili 2009, makundi matatu ya Boston, Maastricht na Turku yalipoyaonyesha shingoni na juu ya mitulinga ya watu wazima. Katika taasisi ya Dana-Farber, Bruce Spiegelman na wenzake walikuwa wamegundua mwaka 1998 protini ya PGC-1 alfa, inayowasha jeni za uchomaji katika mafuta ya kahawia. Msuli nao huitengeneza unapofanya kazi. Walipozaa panya wenye protini hiyo kwa wingi katika misuli peke yake, waliona jambo lisilo na maelezo: mafuta meupe ya panya hao, ambayo hayakuguswa, yalikuwa yameanza kubadilika kuwa ya kahawia. Lazima kitu kilitoka msulini kikafika huko.

Januari 2012 Pontus Boström, Spiegelman na wenzao walitangaza kwamba wamekipata. Katika utando wa seli za msuli kuna protini ndefu, FNDC5; sehemu yake ya nje hukatwa na kuingia katika damu. Kipande hicho cha asidi-amino 112 wakakiita irisini, kwa jina la Iris, mjumbe wa miungu ya Wagiriki wa kale. Panya walioongezewa FNDC5 walichoma nishati zaidi, mafuta yao meupe yakabadilika, na wakaishughulikia sukari vizuri zaidi hata wakilishwa chakula cha mafuta mengi. Na irisini ilielezwa kuwa ileile kwa panya na kwa binadamu. Magazeti yakavuma: homoni ya mazoezi imepatikana. Haikupita muda, wauza vidonge wakaanza kulitumia jina hilo.

Kisha ubishi ukaanza, na ulikuwa mkali. Mwaka uleule James Timmons na wenzake waliandika kwamba katika misuli ya watu waliofanya mazoezi hawakuona jeni hiyo ikipanda, ila kwa wachache. Mwaka 2013 watafiti wa Düsseldorf walionyesha dosari ndani ya jeni yenyewe. Seli husoma jeni kuanzia alama fulani ya herufi tatu, ATG. Jeni ya binadamu ya FNDC5 mahali hapo ina ATA, na seli ikianzia alama kama hiyo hutengeneza protini kidogo sana. Lakini kidonda kikubwa kilikuwa cha vipimo. Maabara nyingi zilitumia vifaa vya kununua vyenye kingamwili za kukamata irisini katika damu, na majibu yakatofautiana mno: kiwango kilichokuwa kidogo sana katika makala moja kiliandikwa mara mamia katika nyingine. Machi 2015 Elke Albrecht na wenzake walizijaribu kingamwili hizo na kukuta zinang'ang'ania protini nyingine zisizohusika. Hawakuficha maoni yao: katika kichwa cha makala yao irisini iliitwa hadithi ya kubuni.

Kundi la Spiegelman lilijibu mwaka huohuo kwa njia isiyohitaji kingamwili, ya kupima uzito wa vipande vya protini mojamoja. Irisini ilikuwepo katika damu ya binadamu, kiasi cha nanogramu 3.6 kwa kila mililita kwa wasiofanya mazoezi na 4.3 kwa waliofanya. Kwa hiyo si hadithi ya kubuni, lakini tofauti hiyo ni ndogo, na haikulingana na makelele yaliyoitangulia. Mwaka 2018 kipokezi chake kilielezwa katika seli za mifupa na za mafuta. Makala za miaka mitatu ya kwanza zilizotegemea vifaa vile vibovu hazikufutwa. Ziko maktabani bado, na zinaendelea kunukuliwa.

Irisini ikiwa bado inavuma, habari nyingine ilitoka kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe, ambao huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Watu 30 walikunywa maji yenye atomi zilizowekwa alama, na mkojo wao ukaonyesha nishati iliyotumika. Kwa kulinganisha na ukubwa wa miili yao, Wahadzabe hawakutumia nishati zaidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Makala hiyo ya mwaka 2012 haikuzungumzia mayokini hata kidogo, lakini iliitikisa ile hesabu ya tanuri. Ikiwa mwili wa mtu anayetembea kutwa unabana matumizi mahali pengine hadi jumla inabaki ileile, faida ya kutembea haiwezi kuelezwa kwa kalori zilizochomwa peke yake.

Ushahidi bora kuhusu binadamu ulikuja mwaka 2019, na ulitoka tena Copenhagen. Helga Ellingsgaard, Anne-Sophie Wedell-Neergaard na wenzao hawakutafuta protini mpya. Walichukua ya zamani na kuiziba. Dawa ya baridi yabisi, tosilizumabu, huziba kipokezi cha intalukini-6 ili ujumbe ufike usisikilizwe. Watu wazima wenye vitambi waligawanywa kwa kura: wengine waliendesha baiskeli mara tatu kwa wiki, dakika 45 kila mara, na wengine hawakufanya mazoezi, katika kila upande baadhi walidungwa dawa na baadhi walidungwa maji yasiyo na dawa. Hakuna aliyejua amepewa kipi. Baada ya wiki 12 tumbo la kila mmoja lilipigwa picha kwa mashine ya sumaku.

Walioendesha baiskeli bila dawa walipoteza kiasi cha asilimia 8 ya mafuta ya ndani ya tumbo, kama gramu 225, wakilinganishwa na waliokaa. Walioendesha baiskeli zilezile, kwa dakika zilezile, huku kipokezi kikiwa kimezibwa, hawakupoteza chochote hapo. Jasho lilitoka, mapafu yakapata nguvu, lakini mafuta ya tumboni yalibaki palepale. Gramu 225 si nyingi, robo ya kilo haijafika, na jaribio lilihusu watu wachache. Lakini lilijibu swali ambalo orodha ndefu za protini hazikulijibu: ishara ikiondolewa, tokeo linaondoka. Mafuta ya tumboni yanahitaji kuambiwa; kuchomwa kwa kalori hakutoshi.

Kwa wakati huo orodha ilikuwa imerefuka kweli. Intalukini-15 ilihusishwa na kupungua kwa mafuta kwa panya. Mwaka 2014 kundi la Spiegelman lilieleza protini nyingine, meteorini-like, ambayo haiendi kwenye seli za mafuta moja kwa moja bali huita seli za kinga ziende kuyabadilisha. FGF21, ambayo msuli ulio taabani huitoa, kwa kawaida hutoka zaidi kwenye ini. Nyingi kati ya hizi zina ushahidi wa panya kuliko wa watu, na kupewa jina hakujawa kupewa kazi.

Mayostatini, ile ya mwaka 1997, ilirudi kwa mlango wa dawa. Bimagrumabu ni kingamwili inayoziba kipokezi ambacho mayostatini na ndugu zake hushika. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 75 wanene wenye kisukari cha aina ya pili, waliodungwa kila baada ya wiki nne kwa wiki 48. Waliopata dawa walipoteza asilimia 20.5 ya mafuta ya mwili, dhidi ya asilimia 0.5 kwa wasiopata, na wakati huohuo misuli yao iliongezeka kwa asilimia 3.6. Dawa za kupunguza uzito huondoa mafuta na msuli pamoja. Hii iliondoa kimoja na kuongeza kingine. Kuharisha na misuli kukakamaa kuliwasumbua wengi wao.

Mwaka 2022 watafiti wa Stanford na Houston walionyesha kwamba si kila mjumbe wa mazoezi ni protini wala si kila mmoja anazaliwa msulini. Laktati, ile asidi ya misuli iliyochoka, huunganishwa na asidi-amino ya fenilalanini, na kiunganishi hicho hupunguza hamu ya kula kwa panya wanene. Hupanda katika damu ya farasi wa mashindano na ya watu baada ya mbio kali, lakini seli zinazokiunganisha ni pamoja na zile za kinga na za utando wa viungo mbalimbali.

Taasisi za taifa za afya za Marekani zilikuwa zimeanzisha mwaka 2016 mradi mkubwa wa kuorodhesha kila molekuli inayobadilika kwa mazoezi. Mwaka 2024 ulitoa matokeo ya panya waliokimbia kwenye mkanda kwa hadi wiki nane, wa kike na wa kiume, huku tishu 19 zikichunguzwa. Karibu kila tishu ilikuwa imebadilika. Mafuta meupe ya chini ya ngozi yalikuwa miongoni mwa tishu zilizotofautisha jinsia zaidi: mazoezi yaleyale, kwa wiki zilezile, yaliamsha jeni na protini za aina moja katika mafuta ya madume na za aina nyingine katika mafuta ya majike.